Ufafanuzi: Mtanzania halipi kiingilio cha hifadhi kwa dola

Kuna ujumbe unaozunguka miaka mingi kwenye makundi ya WhatsApp, ukidai kuwa Mtanzania anayetaka kuona Serengeti hutozwa makumi ya dola kama mgeni. Si kweli.

Serikali imeweka viwango tofauti ili kukuza utalii wa ndani. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi: mtu mzima Serengeti ametozwa 10,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 11,800. Mtoto wa chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu. Lakini beba kitambulisho cha taifa au pasipoti. Usipothibitisha uraia getini, utahesabiwa mgeni.

Mkanganyiko una sababu zake. Orodha za bei mtandaoni hutanguliza dola, na kampuni za safari hujumlisha gari, dereva, malazi na chakula katika bei moja. Tena, ukitoka Arusha kupitia Ngorongoro kwenda Serengeti, unalipia maeneo mawili, kwa hiyo msafiri huona ametozwa mara mbili. Gari nalo lina ada yake.

Kuhakiki ni rahisi: fungua tovuti rasmi ya hifadhi, tafuta jedwali la ada za mwaka husika, soma safu ya raia wa Afrika Mashariki. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayoanza na 99, si kwa namba ya simu ya mtu.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze; unawakatisha tamaa wazazi ambao wangeweza kuwapeleka watoto wao.