Leseni ya redio ya ridhaa na hofu ya Morse

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu: eti bila kufaulu mtihani wa Morse (herufi zinazotumwa kwa milio mifupi na mirefu) hupati leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuwasiliana kwa redio kama burudani, kwa hiyo mtu mzima asijisumbue kuanza. Sivyo. Mwaka 2003 kanuni za kimataifa ziliacha kulazimisha mtihani huo, kila nchi ikaachiwa kuamua. Marekani iliufuta 2007. Mkanganyiko unaeleweka, maana wengi bado hupiga Morse kwa mapenzi tu, hadi uzeeni. Mlio wake husikika hata mawimbi yakiwa hafifu, pale sauti ya mtu inapopotea (na kwa kweli unanoga). Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Soma kwanza masharti ya leseni ya mamlaka ya mawasiliano nchini kwako.