Kivumbasi: chai yake, moshi wake na mbu wa Tabora

Kuanzia Isevya na Ng'ambo mjini Tabora hadi vijiji vya Uyui na Sikonge, kivumbasi hakimfungishi mtu safari ya porini. Kimejiotea nyuma ya choo, pembeni mwa shamba la mahindi, kwenye uzio wa jirani. Ni kichaka cha mita moja hadi mbili. Shina lake likiwa bado changa lina pembe nne, majani yanaota mawili mawili yakitazamana, na kingo zake zina meno meno. Fikicha jani moja kati ya vidole: harufu itakayopanda inakaribiana na ya karafuu, kwa kuwa vivumbasi vingi vina yujenoli, kemikali ileile inayonukia kwenye karafuu. Wataalamu wa mimea hukiita Ocimum gratissimum. Ndugu yake mrehani ni mdogo, majani yake ni laini, na harufu yake ni nyingine. Kama umefikicha na hukusikia harufu hiyo kali, achana na mmea huo, hata kama aliyekuletea ameapa.

Uliza mtu yeyote hapa kivumbasi ni cha nini, atakutajia mafua na kikohozi kwanza, hasa miezi ya Juni na Julai usiku unapokuwa wa baridi na mchana ni vumbi. Wengine hukinywa tumbo likijaa gesi. Kwa mambo hayo madogo hatuna ugomvi nacho. Ugomvi wetu ni wa jikoni. Sufuria inainjikwa, majani yanatokota nusu saa nzima, nyumba yote inanukia, na watu wanasema dawa imekolea. Ukweli ni kwamba harufu iliyojaa sebuleni ndiyo dawa yenyewe, na imeshatoka kwenye sufuria. Mafuta ya kivumbasi ni mepesi, huruka na mvuke.

Kwa hiyo chemsha maji peke yake. Osha majani mabichi matano au sita, yakate vipande, yaweke kwenye kikombe, mimina maji yanayochemka, kisha funika kwa kisosi dakika kumi. Chuja, unywe. Kwa makavu, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Mtu mzima anywe kikombe asubuhi na kikombe jioni, siku tatu au nne, basi. Asali ya Sikonge ikiwepo, tia, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Kikohozi kikifika wiki mbili, weka kivumbasi pembeni uende kupima kifua kikuu.

Ukitaka kukausha, chuma asubuhi umande ukishakauka, kabla mmea haujajaa maua. Usiyaanike juani kama michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Yatandaze kivulini kwenye ungo, mahali penye hewa, uyageuze kila siku hadi jani livunjike kwa mlio. Hifadhi kwenye chupa au kopo lenye kifuniko kinachobana. Siku utakayofungua usisikie harufu, mwaga.

Kujifukiza, au nyungu kama ilivyovuma mwaka 2020, kunazibua pua. Hatari yake ni maji ya moto. Epua sufuria, iweke chini mahali tambarare ndipo ujifunike, na kamwe usiingie ndani ya blanketi pamoja na jiko lenye makaa. Mtoto mdogo asifukizwe. Akishtuka na kupiga teke, sufuria yote ni yake.

Sasa mbu, na hapa nitakaa kidogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Tabora ikiongoza Tanzania Bara kwa malaria miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano: takriban asilimia 23, wakati wastani wa taifa ulikuwa kama asilimia 8. Katika mkoa wa namna hiyo, sentensi "kivumbasi kinafukuza mbu" inahitaji kusemwa yote, isikatwe katikati. Kinafukuza kweli. Watafiti waliokijaribu magharibi mwa Kenya, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2002, waliona kwamba majani yaliyopashwa moto taratibu yalizuia takriban nusu ya mbu, na yaliyochomwa moja kwa moja yalizuia mbu wachache kuliko hao. Maana yake, ukiweka majani mabichi juu ya kipande cha bati kwenye makaa yaliyofifia, yakanyauka bila kuwaka, utapata nafuu mnapokaa barazani jioni. Nusu nyingine ya mbu bado wapo, na mbu wa malaria hung'ata zaidi usiku wa manane, saa ambayo bati limeshapoa. Jiko nalo halilali chumbani, kwani hewa ya makaa huua watu usingizini. Chandarua chenye dawa kinabaki palepale.

Kisha kuna wanaokinywa kutibu malaria yenyewe. Hapana. Homa ikipanda, nenda zahanati siku hiyohiyo upate kipimo cha haraka, na kikionyesha malaria umeze dawa mseto mpaka dozi iishe. Mtoto mwenye homa anayetapika kila kitu, anayeshindwa kunyonya au aliyepata degedege asisubiri hata chai ipoe.

Mama mjamzito asikinywe kama dawa. Anayetumia vidonge vya kisukari au vya kuzuia damu kuganda amwambie daktari kwanza. Mafuta yaliyokamuliwa ya kivumbasi, yale ya vichupa, hayanywewi na hayapakwi bila kuzimuliwa, maana huunguza ngozi. Na muuzaji wa unga uliofungashwa unaodaiwa kutibu maradhi mwulize usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Akianza hadithi ndefu, umeshapata jibu.

Kazi nyingine ambayo wazee wa hapa hukipa ni kulinda nafaka: majani makavu yaliyopondwa huchanganywa na maharage ya mbegu. Kwa kiasi kidogo, na kwa miezi michache, inasaidia. Ila kwa gunia la mahindi mambo ni tofauti, kwa sababu ya dumuzi, mdudu ambaye kwa Afrika aligundulika kwanza mkoani humuhumu Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huyo hatishwi na majani. Kausha mahindi vizuri, yapukuchue, uyafunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na kivumbasi kibaki kwenye kopo la maharage ya mbegu.