Jamani msimkalishe mama

Kwenye hii kazi yangu ya fiziotherapia (kutibu kwa mazoezi ya viungo) kuna kauli naisikia mpaka imenichosha, "ni uzee tu daktari" (mie wala si daktari, ila ukishavaa koti jeupe basi). Mama kaletwa Dar kutoka Rombo, kule alikuwa anakata majani ya ng'ombe, anapanda kilima kwenda kanisani, huku akapewa kochi na TV, akitaka maji dada wa kazi keshakimbia, akisogelea mchicha auchambue anaambiwa mama pumzika bwana, umetuhangaikia sana. Miezi michache baadae wananiletea, miguu haimbebi, na wao wanataka dawa ya kuongeza damu.

Sasa hapo shida ni kochi. Misuli ya mzee isipotumika inayeyuka haraka kuliko ya kijana na kuirudisha ni kazi. Kuna wazee wa Marekani, wazima kabisa hawaumwi, walilazwa kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti tu, wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguuni. Siku 10! Wa kwako kakaa toka Pasaka.

Kupima udhaifu wa mzee sisi tunatumia vigezo vitano vilivyotolewa na mtafiti wa Marekani Linda Fried na wenzake mwaka 2001: mzee kakonda bila kukusudia, anachoka hata kwa kitu kidogo, mkono hauna nguvu ya kukamata, mwendo umekuwa wa taratibu, na hajishughulishi tena. Akiwa navyo vitatu huo ni udhaifu kweli na akianguka au akipata nimonia hatainuka kirahisi, akiwa na kimoja au viwili bado yuko mlangoni na hapo ndo pa kumvuta. Nyumbani mcheki hivi, mkalishe kwenye kiti cha kulia chakula (siyo kochi), mikono aikunje kifuani, asimame na kukaa mara 5 bila kujishika. Ikizidi sekunde 15, au akashindwa kabisa, miguu imeshaanza kuisha.

Na usiniambie kazeeka mno kwa mazoezi. Mwaka 1990 kule Boston walichukua wazee wa kwenye nyumba ya kulelea wazee, wastani wa umri miaka 90, wakawanyanyulisha vyuma kwa miguu wiki 8, nguvu za mapaja zikapanda zaidi ya mara mbili. Mama hahitaji vyuma, hicho hicho kiti kinatosha, asubuhi na jioni asimame akae asimame akae, wewe uko pembeni, kesho yake aongeze kidogo. Halafu mrudishieni mchicha wake.

Chakula nacho. Wazee wengi wanaishi kwa chai na mkate kwasababu meno hayapo na hakuna anayepika kwa kuwafikiria. Mzee wa kilo 50 anahitaji protini kama gramu 50 mpaka 60 kwa siku, yai moja lina kama 6 tu, kwahiyo hesabu mwenyewe, dagaa wa kusagwa kwenye uji, maharage yaliyopondwa, maziwa, mayai. Asipopata hata mazoezi yanakuwa kazi bure.

Kuhusu kichwa nitasema moja tu maana hili linaua watu. Kusahau kunakokuja polepole kwa miaka ni kitu kimoja, ila mzee aliyekuwa na akili zake juzi halafu leo anaongea vitu havieleweki, hajui yuko wapi, au kapoa tu analala mchana kutwa, huo siyo uzee na wala hajarogwa, mpeleke hospitali leo leo. Mara nyingi utakuta malaria, nimonia, U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo), sukari imeshuka, au maji yamekauka mwilini. Hilo la maji wengi hawalijui, choo kiko nje, usiku giza, anaogopa kuanguka, basi anaacha kunywa maji kuanzia saa kumi jioni na hakwambii. Mwekee ndoo ya kukojolea chumbani, mambo yaishe.

Na vidonge. Piriton (zile za mafua na mzio) anazomeza ili apate usingizi zinaweza kumvuruga kichwa kabisa, za presha zikizidi anasimama anaona kizunguzungu anaanguka. Mkienda hospitali bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, hata zile alizopewa na jirani.