Apdeti Haikufunga Simu Yako, Ilikuwa Imefungwa Tangu Ohio

Jumamosi alikuja mteja wa nne kwa wiki hiyo. Dada mmoja, iPhone 11 mkononi, kava la maua, na maneno ninayoyajua kwa moyo: "Fundi, simu ilikuwa nzima kabisa. Usiku nimeiapdeti, asubuhi haishiki mtandao. Hawa watu wa Apple wameniulia simu." Nikamuuliza aliinunua wapi. Mtaa wa nyuma, hapa hapa Kariakoo. "Used ya Marekani, safi, inakubali laini zote."

Sikubishana. Nilichukua pini, nikachokonoa tundu, nikavuta kitreya cha laini. Juu ya laini yake ya Airtel kulikuwa kumebandikwa kitu chembamba kama ganda la kitunguu, chenye vidoti vya dhahabu. Nikakibandua taratibu kwa kucha, nikamwekea kwenye kitambaa. Hakijui. Simu anayo miezi saba, na kitu hicho kimelala humo miezi yote saba.

Haya, naandika mara moja tu, kuanzia leo natuma linki.

Simu nyingi za used kutoka Marekani hazikununuliwa kama tunavyonunua sisi, pesa mezani boksi mkononi. Kampuni ya simu ilimpa mteja, akawa anailipia kila mwezi ndani ya bili. Kumfunga mteja kwa kampuni moja hakukuanza jana; iPhone ya kwanza, mwaka 2007, iliuzwa kule kwa kampuni ya simu ya AT&T peke yao na mkataba wa miaka miwili. Kampuni inaweka loki ili simu isihamie laini ya kampuni nyingine kabla ya deni kwisha. Na kwenye iPhone loki hiyo haimo ndani ya simu kama kitasa ndani ya mlango. Imeandikwa kwenye seva za Apple, mbele ya IMEI, ile namba ya kitambulisho cha simu yako. Simu ikiwashwa upya kutoka sifuri inauliza: mimi ni IMEI hii, nimewekewa laini hii, niruhusiwe? Seva inatazama orodha, inajibu.

Kile kitu chembamba nilichokibandua ni kichipu, na kazi yake ni kudanganya hapo mlangoni. Ni kama mtu aliyeingia harusini kwa kadi ya jirani yake. Mlangoni anaonyesha kadi, anapita. Ndani anakula pilau kwa jina lake mwenyewe. Simu inaambiwa laini ni ya AT&T, inaruhusiwa, kisha Airtel yako inaendelea na kazi. Sasa apdeti inachofanya, mara nyingine, ni kuwaambia watu wote watoke nje waingie tena, na safari hii mwenye mlango amepewa orodha mpya. Kadi ya jirani haifai tena. Kufuta kila kitu na kuanza upya kunaleta matokeo yaleyale hata kama hujagusa apdeti maisha yako yote.

Kwa hiyo apdeti haikufunga kitu. Imeuliza tena swali ambalo simu yako ilikuwa imelijibu kwa uongo.

Hapo sina wasiwasi. Nisichoweza kukuwekea kanuni ni lini simu itagoma. Nimeona simu ya kichipu ikipita apdeti tatu bila kutetereka, na nimeona nyingine haijaapdetiwa hata mara moja, mwenyewe kaamka tu asubuhi imegoma. Mafundi tunapeana namba za kuingiza kwenye kichipu kwenye magrupu ya WhatsApp, moja inashika wiki tatu, nyingine inakufa kabla hujamaliza kumrudishia mteja chenji. Fundi anayekuhakikishia kuwa "hii ya kwangu haitoki" anakuuzia maneno. Na mimi nilishayasema maneno hayo, zamani, nikarudisha pesa za watu.

Sasa tuje kwenye kinachonichosha kuliko vyote: imani kwamba simu ya malipo ya kabla haina loki kwa sababu haina mkataba.

Hapa kwetu malipo ya kabla ndiyo maisha. Unaweka salio, unanunua bando, hudaiwi na mtu, ukiichoka Voda kesho unanunua laini ya Halotel. Basi mtu akiona kwenye Amazon simu imeandikwa "prepaid", bei nusu ya zile nyingine, anaisoma kwa akili za Kariakoo: haina mkataba, haina mwenyewe, lete. Shemeji yangu, anayejua fika nafanya kazi gani, amefanya hivyohivyo. Mdogo wake yuko Texas, akamwambia aokote mbili za bei hiyo. Zimefika, mpya, nailoni haijatoka kwenye kioo. Zinawaka vizuri, zinaonyesha nembo ya kampuni, halafu zinaomba namba ya kufungulia. Amekuja nazo nyumbani Jumapili wakati wa chakula, akaziweka karibu na sahani yangu.

Fikiria kidogo kwa nini ile simu ni nusu bei. Kampuni imeiuza kwa hasara, ikitegemea utanunua vocha zake mwaka mzima irudishe pesa. Mteja wa mkataba ana jina, ana anuani, amekaguliwa rekodi zake za mikopo, asipolipa anajulikana pa kutafutwa. Wa malipo ya kabla anatoka dukani na simu asionekane tena. Sasa ungekuwa wewe mwenye kampuni, ungemfungia nani kwa muda mrefu?

Ndivyo kanuni zao zinavyosema. AT&T simu ya mkataba wanataka iwe imelipwa yote na imetumika kwao siku 60; ya malipo ya kabla, miezi sita. T-Mobile ya mkataba siku 40 na deni liwe limekwisha. Ya malipo ya kabla, mwaka mzima. Umeona? Ya malipo ya kabla ndiyo inayofungwa zaidi. Na siku hizo hazihesabiwi kwa kalenda ya ukutani kwako. Zinahesabiwa simu ikiwa hai kwenye mtandao wao, ikilipiwa huduma kwao. Simu ikiwa Tandika hesabu imesimama. Iweke kabatini miaka kumi, itoe, bado siku ni zilezile alizokuwa nazo yule wa Texas, yaani sifuri.

Shemeji akaniuliza, "Sasa si uziflashi?" Nikaomba chumvi.

Kuflashi kunabadilisha programu. Loki haikai kwenye programu. Samsung ni mfano mzuri, na nitapita haraka. Modeli ikiishia na U ni ya kampuni za simu za Marekani, ikiishia na U1 iliuzwa bila kampuni. Ile ya U apdeti zake hupitia kwanza kwa kampuni ya kule ijaribu na kuidhinisha, ndiyo maana zinachelewa, na zenye programu ya AT&T mara nyingi hazipokei kabisa apdeti kwa njia ya mtandao bila laini ya AT&T. Ukiiwekea programu ya U1 apdeti zitaanza kuja. Loki itabaki vilevile. Watu wanachanganya hayo mawili, wanalipa la kwanza wakidhani wamenunua la pili.

Na huku kwetu, tafadhali, si Voda wala Airtel wala Yas wanaokutumia apdeti "ili bando iishe". Apdeti ya iPhone inatoka Apple, ya Android inatoka kwa aliyeitengeneza simu. Inakula gigabaiti, ndiyo. Nenda penye Wi-Fi.

Nikiwa mkweli, wanaosema apdeti inaua simu hawakuota tu. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba kupitia apdeti walikuwa wakipunguza kasi ya iPhone za kuanzia 6 zenye betri iliyochoka, wakidai ni ili zisizime ghafla. Waliteremsha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, Ufaransa wakapigwa faini ya euro milioni 25 mwaka 2020. Kabla ya hapo mimi mwenyewe nilikuwa nawaambia wateja kwamba ni mawazo yao. Kuna mama mmoja wa Magomeni nilimwambia hivyo mara mbili, na alikuwa sahihi mara zote mbili. Siku hizi simu ikiletwa kuwa imekuwa nzito baada ya apdeti, natazama afya ya betri kwanza, halafu nafasi iliyobaki, ndipo nafungua mdomo.

Za mkopo za hapa Afrika Mashariki ni ukoo uleule. Safaricom walipoanza Lipa Mdogo Mdogo Kenya mwaka 2020, shilingi 20 kwa siku, usipolipa simu inajifunga. Kuifuta yote ianze upya hakusaidii, apdeti haisaidii. Ukinunua ya mtu mkononi, muulize deni kabla ya kuuliza betri. Na msiniletee niifungue, sifungui.

Unayetaka kununua, fanya hivi. Uliza imetoka wapi, kwa sababu Canada walipiga marufuku simu mpya zenye loki tangu Desemba 2017, Uingereza tangu Desemba 2021. Kwenye iPhone ingia mipangilio, sehemu ya "About", shuka chini mpaka uone "No SIM restrictions". Usiishie hapo. Vuta kitreya mbele ya muuzaji. Halafu mwambie aifute yote, aiwashe upya kwa laini yako wewe, ukiwa umekaa hapo, pesa yako ikiwa bado mfukoni. Akianza kukwambia chaji ni ndogo, simama. Za Marekani kuanzia iPhone 14 hazina tundu la laini kabisa, kwa hiyo usiulize fundi amelificha wapi.

Loki ya kweli anaifungua kampuni iliyoifunga, deni likiisha. Wapo watu mtandaoni wanaouza huduma ya kuifungua kwa IMEI. Wachache wanafanya kweli, na wengi ni wezi. Mmoja nilimtumia dola 90 kwa simu tatu za wateja, akanijibu "ok boss" na huo ukawa mwisho wa mazungumzo.

Yule dada aliniuliza swali la haki: kwa hiyo asiapdeti tena? Nikamwambia simu ya kukaa bila apdeti inaachwa nyuma na programu: mwezi wa tano 2025 WhatsApp iliacha kabisa iPhone ambazo iOS yake, yaani mfumo unaoendesha simu, iko chini ya 15.1. Tena matundu ya usalama hayazibwi, na yeye pesa zake zote zimo humo humo. Nilimtafutia namba nyingine ya kichipu, ikashika, sikumchaji. Nikamwambia arudi dukani na kichipu chake cha zamani mkononi, adai abadilishiwe.

Jumatatu asubuhi, sijafungua hata shata, namba ngeni ikanipigia. Alikuwa muuzaji. "Fundi, nani kakutuma utoe kitreya?"