Sofa jekundu halileti aidia: tunavyodanganyana kuhusu ubunifu kazini

Mie nafanya kazi duka la kuchapisha, hapa mjini Mombasa, si mbali na soko la Marikiti. Mabango, sitika, tisheti za harusi, na ukifika wakati wa kampeni ndo hatulali kabisa. Mwaka juzi bosi karudi safari zake akatwambia anataka ofisi iwe ya ubunifu, basi ukuta ukapakwa rangi ya machungwa, likaletwa sofa jekundu, na kila Jumatatu saa mbili mitingi ya aidia. Miezi mitatu aidia yenyewe hatukuiona, sofa ndo likawa pa kulalia baada ya chakula cha mchana. Nkaanza kusomasoma mwenyewe, kumbe mengi tunayoambiwa ni uongo au kweli iliyotiwa maji.

Ati kuna watu wa aidia na watu wa hesabu

"Mie ubongo wangu wa upande wa kushoto, hayo mambo ya kubuni waachieni madizaina." Mhasibu wetu hiyo ndo kauli yake. Ni kweli pande mbili za ubongo hazifanyi kazi sawasawa, Roger Sperry alipewa Nobel 1981 kwa utafiti wa mambo hayo, lakini kutoka hapo mpaka kusema fulani ni mtu wa kulia na fulani wa kushoto, hiyo watu wamejiongezea tu. 2013 Chuo Kikuu cha Utah walichambua picha za ubongo za watu 1,011 wasipate dalili kuwa kuna anayetumia zaidi upande mmoja. Kwa hiyo mhasibu hana udhuru.

Ati mkikaa pamoja mkarushiana mawazo ndo yanatoka mazuri

Hii ndo iliyotuumiza sisi. Aliyeieneza ni Alex Osborn, mtu wa matangazo Marekani, miaka ya 1940 na 1950, na sheria zake si mbaya: semeni mengi, msikosoane, jengeni juu ya wazo la mwenzenu. Shida ni kwamba 1958 watu wa Yale waliijaribu, wakachukua makundi ya watu wanne wanne wakae pamoja, halafu wengine wanne kila mtu akae peke yake na mawazo yao yajumlishwe mwisho. Wale wa peke yao wakatoa karibu mara mbili.

Na ukifikiria, wala si ajabu. Ukiongea wewe mie nangoja zamu, nikingoja nasahau, au naona changu si kitu mbele ya chako. Wako wanaojificha nyuma ya wenzao wakijua fulani na fulani wataongea tu. Halafu bosi mwenyewe amekaa pale, tena ndo anayeanza kusema, sasa akishasema "naona tufanye hivi" nani atafungua mdomo kusema sivyo na tarehe 30 ya mshahara iko karibu? Sisi wote tulikuwa "naam bosi, hiyo imekaa sawa", tunatoka nje ndo maneno yanaanza.

Tukamuomba tujaribu njia nyingine, kila mtu aandike kwenye karatasi kwanza, kimya, bila jina, zikusanywe zisomwe zote ndo watu waongee. Wiki ya pili ikatoka karatasi moja, imeandikwa vipande vya bango vinavyobaki vishonwe pazia za mvua za tuktuk. Mwandiko tuliujua, wa kijana wa kukata sitika, ambaye miezi yote ile hatujamsikia kusema zaidi ya salamu. Alipoulizwa akasema tu mamake fundi cherehani.

Ati wazo la maana halijawahi kuonekana duniani

Hebu tazameni leso. Wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi, hivyo ambavyo Wareno waliviita *lenço*, wakakata sita wakavishona pamoja vikawa nguo moja pana. Baadaye jina, yaani ule msemo wa leso, likaandikwa juu, na inasemekana aliyeanzisha ni Kaderdina Hajee Essak, huyu wa leso za Mali ya Abdulla hapa Biashara Street. Kitambaa kilikuwepo, sindano ilikuwepo, mafumbo ndo usiseme, Waswahili hatujawahi kupungukiwa.

Hata M-Pesa, majaribio ya 2005 yalikuwa ya watu kulipia mikopo midogo kwa simu. Wateja wenyewe wakaanza kutumiana pesa, mana watu walikuwa washazoea kutumiana kredo, na ilipozinduliwa Machi 2007 ndo ikawa hiyo ya kutuma pesa nyumbani. Wenye nayo walichofanya ni kuangalia watu wanafanya nini, jambo ambalo maofisi mengi hayana muda nalo.

Ati presha na pesa ndo dawa

Presha kwanza. Teresa Amabile wa Harvard na wenzake walisoma shajara za wafanyakazi za kila siku, wakaandika 2002 kwamba siku za mbio watu hujiona wabunifu sana na kumbe ndo siku walizobuni kidogo zaidi, tena uchovu wake unafuata mpaka siku zinazofuata. Isipokuwa pale mtu anapojua kwa nini jambo ni la haraka, na hakuna anayemkatizakatiza.

Pesa nayo ina mambo. 1962 Sam Glucksberg aliwapa watu mshumaa, kibiriti na boksi la pini, waubandike ukutani usidondoshe nta. Jibu ni kutoa pini na kulipigilia boksi liwe kirafu. Walioahidiwa pesa walichelewa kama dakika tatu na nusu zaidi, lakini pini zilipotolewa kwenye boksi mapema, yaani kazi ikawa rahisi, hao wa pesa wakawashinda wenzao. (Msimpelekee bosi hii akapata sababu ya kutoongeza mshahara, tafadhali, mshahara ni mambo mengine.)

Ati kuvunja kuta, ati kukaa kwenye kiti ndo kunaleta aidia

Kuta, 2018 kulitoka utafiti wa kampuni mbili zilizobomoa kuta za ofisi, mazungumzo ya uso kwa uso yakashuka kama asilimia 70, watu wakahamia imeli. Na kiti, Stanford 2014 waliona mtu akitembea mawazo yanaongezeka kama asilimia 60. Mie nkikwama siku hizi nashuka Mama Ngina pale baharini, nazunguka, dafu moja, narudi. Mwanzo walisema nazembea.

Zile pazia tulizitoa kabla ya mvua za Mei, na zikaisha. Sofa limeuzwa, pale pamewekwa cherehani.