Uvimbe wa taya unavyosomeka kwenye damu

Mtoto anayeletwa Mwanza kutoka Ukerewe akiwa na uvimbe wa taya hana wiki za kusubiri. Uvimbe huo huenda ni limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu, nayo hukua kwa kasi ya kutisha: seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku 1 au 2. Ikiwahiwa, dawa huimudu, na watoto wengi hupona. Ndiyo maana, kati ya teknolojia zote mpya za maabara ya saratani, ninayoipigia debe ni moja: kuusoma uvimbe kupitia damu.

Kwa kawaida daktari hukata kinyama cha uvimbe, kikalowekwa kwenye fomalini, dawa ya kukizuia kisioze, kikagandishwa kwenye nta, kikakatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi, ndipo kitazamwe kwa darubini. Fomalini ikiwa haba kinyama huoza, na mtoto hurudishwa kukatwa upya. Nimeliona hilo, na linaniuma hadi leo.

Seli zinapokufa humwaga ndani ya damu vipande vifupi vya DNA, yaani maandishi ya urithi, na seli za saratani nazo humwaga vyake. Tunavichota kwenye plazma, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, na kuvisoma kwa mashine. Siku hizi zipo ndogo za kushikika kiganjani, unachomeka kwenye kompyuta tu.

Tunatafuta nini humo? Wengi hukimbilia kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 katika seli za uvimbe uliopelekwa London kutoka Uganda, ng'ambo ya ziwa letu hilihili. Kweli, karibu kila limfoma ya Burkitt ya huku inacho. Lakini wanacho pia watoto wengi wasioumwa, hasa penye malaria nyingi, na hakuna haki ya kumwanzishia mtoto dawa kali kwa ushahidi huo peke yake. Ushahidi mzito ni jeni ya MYC, inayoamuru seli igawanyike, iliyohama kutoka kromosomu (uzi wa DNA) ya 8 na kushonwa, mara nyingi, kwenye ya 14, jirani na jeni za kingamwili ambazo seli B, chembe nyeupe zinazozaa saratani hii, huziwasha muda wote. Ikikaa hapo MYC haizimiki, na seli haiachi kugawanyika. Mshono huo ndio tunaousaka. Bado ni kazi ya utafiti, kinyama hakijastaafu.

Kinachonikosesha usingizi ni safari ya damu. Kwenye kichupa cha kawaida chenye mfuniko wa zambarau, baada ya saa chache chembe nyeupe huanza kupasuka, na DNA yake huifunika ile kidogo ya saratani. Kivuko kikichelewa kutoka Nansio, bandari ya Ukerewe, sampuli imeharibika. Vipo vichupa maalumu vinavyohifadhi damu kwa siku kadhaa, ila ni ghali. Basi wenzangu wa vituo vya visiwani, nawasihi: mkiwa na mashine ya kuzungushia damu, tenganisheni plazma hapohapo, igandisheni, na muandike kwenye kichupa saa damu ilipotolewa na saa plazma ilipotenganishwa.