Mlango wa Chumbani: Ukavu wa Mbao Kwanza, Jina la Mti Baadaye

Masika yakiingia, mafundi wa Kisumu huitwa kuranda milango ya vyumba iliyokwama. Fundi anapunguza ukingo, analipwa, anaondoka. Januari, jua likiwaka, mlango uleule unaacha mwanya wa kupitisha kidole. Mwenye nyumba humlaumu fundi, au huilaumu saiprasi. Mara nyingi kosa lilianzia yadi: mbao zilinunuliwa mbichi.

Ubao huanza kusinyaa unyevu wake ukishuka chini ya takriban asilimia 30. Husinyaa upana, urefu haubadiliki sana. Kwa mlango wa ndani, tafuta unyevu wa asilimia 10 hadi 14. Kama huna mita ya unyevu, kata kipande kutoka katikati ya ubao, maana ncha hukauka mapema na kudanganya. Kipime, kisha kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 za Selsiasi mpaka uzito usipungue tena. Kikianza na gramu 120 kikaishia 100, zile 20 zilizopotea, ukizigawa kwa 100, ni asilimia 20. Mbao hizo zirudi kivulini, zipangwe kwa vijiti katikati ili hewa ipite.

Sasa mti. Saiprasi iliyokauka inatosha vyumba vingi: ni nyepesi, hairandiki kwa shida, na bawaba haziteseki. Fundo lililoshikamana halina neno. Jeusi linalocheza ukiligusa, liache hapo yadi. Grevilia ya mipakani mwa mashamba ina nakshi nzuri ya kupakwa vanishi. Mkaratusi hujipinda na kupasuka unapokauka, kwa hiyo mimi ningeuachia nguzo. Mvule ni ubao wa heshima, kiini chake mchwa hukishindwa, lakini kuufungia chumba cha kulala ni gharama ya bure. Uweke mlango wa mbele, palipo na mvua. Na anayeuranda avae barakoa, vumbi lake huwasha koo.

Paneli za katikati zisigandishwe kwa gundi. Ziingie kwenye mfuo zikiwa huru, zitanuke na kusinyaa bila kupasua fremu.

Kabla mlango haujafungwa bawaba, hakikisha vanishi imepakwa ukingo wa juu na wa chini pia. Ncha za ubao hunywa maji kuliko ubavu, na mlango ukishasimamishwa hakuna atakayelala sakafuni kuupaka. Wa bafu upakwe mara mbili.